Maisha ya Haruni, Kuhani Mkuu wa Kwanza wa Waisraeli

Katika nchi nyingi kazi kubwa hurithiwa. Mwana wa mfalme huwa mfalme, mwana wa mhunzi hufundishwa uhunzi, na fimbo ya mzee hupewa kijana wa mlango ule ule. Katika taifa la kale la Israeli kazi ya kumtolea Mungu sadaka nayo ilirithiwa. Aliyezaliwa katika mlango mmoja tu ndiye aliyeweza kuifanya. Mtu wa mlango mwingine, hata awe mwema namna gani, hakuwa na ruhusa ya kuhudumu altareni. Mlango ule ulikuwa wa mtu mmoja, jina lake Haruni, kaka yake Musa. Yafaa kila mkatekumeni ayajue maisha yake, apate kufahamu ni kitu gani baba aweza kumwachia mwanawe, na ni kitu gani hawezi.

1. Mkubwa anayemfuata mdogo

Haruni alizaliwa Misri, wakati Waisraeli walipokuwa watumwa wa Farao. Wataalamu wengi wanaopima miaka ya safari ya kutoka Misri huitaja karne ya 13 kabla ya kuzaliwa Kristu. Baba yake aliitwa Amramu, na mama yake Yokebedi, wote wawili wa kabila la Levi. Dada yake alikuwa Miriamu. Mdogo wake alikuwa Musa, ambaye Haruni alimzidi umri kwa miaka 3. Musa alilelewa na binti Farao, bali Haruni alikaa kati ya ndugu zake waliotumikishwa kufyatua matofali. Alioa Elisheba, binti Aminadabu, wa kabila la Yuda, wakazaa wana 4: Nadabu, Abihu, Eleazari na Itamari.

Mungu alipomtuma Musa kuwatoa watu utumwani, Musa aliogopa kwa sababu ulimi wake ulikuwa mzito. Ndipo Mungu akampa kaka yake awe kinywa chake. Haruni akaenda jangwani kumlaki, wakakutana kwenye mlima wa Mungu, akambusu. Tangu siku ile walikwenda pamoja. Waliposimama mbele ya Farao, Musa alikuwa na miaka 80, na Haruni 83.

Kwa desturi za watu mkubwa hutangulia na mdogo hufuata. Lakini Haruni alikubali kusema maneno aliyopewa mdogo wake, wala hakudai kutangulia. Tena Waamaleki walipowapiga vita Waisraeli jangwani, Musa aliinua mikono mlimani tangu asubuhi. Mikono ilipochoka, Haruni na mwenzake Huri waliishika, mmoja upande huu na mmoja upande huu, mpaka jua likatua, nao Waisraeli wakashinda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi njema ya Haruni siku zile, kutegemeza mikono ya mwingine.

2. Ndama ya dhahabu

Walipofika mlima Sinai, Musa alipanda juu akakaa siku 40 mchana na usiku. Chini aliwaacha watu mikononi mwa Haruni na Huri. Watu walipoona Musa anakawia, walimkusanyikia Haruni, wakamtaka awafanyizie mungu wa kuwatangulia njiani. Haruni hakuwakatalia. Aliwaambia wavunje vipuli vya dhahabu vilivyokuwa masikioni mwa wake zao, na wana wao, na binti zao. Akaipokea dhahabu ile, akaiyeyusha, akatengeneza sanamu ya ndama. Kisha akajenga altare mbele yake, akatangaza sikukuu. Kesho yake watu wakatoa sadaka, wakala, wakanywa, wakacheza.

Wakati uleule juu mlimani Mungu alikuwa amemwagiza Musa juu ya ukuhani. Alikwisha mtaja Haruni kwa jina, yeye na wanawe. Alikwisha eleza kipimo cha mavazi yake, rangi za nyuzi, mawe ya thamani na mafuta ya kumpaka. Juu Haruni alikuwa anachaguliwa kuwa kuhani wa Mungu wa kweli, na chini alikuwa anajenga altare ya ndama.

Musa aliposhuka akaona, alizivunja mbao za Amri 10 chini ya mlima. Ndama akaichoma, akaisaga mpaka ikawa unga. Akamwuliza kaka yake sababu ya kuwaingiza watu katika dhambi kubwa namna ile. Haruni akajitetea kama watu wengi wanavyojitetea. Alisema watu wenyewe ni wabaya, naye aliitupa tu dhahabu motoni, ndama ikatoka yenyewe. Siku ile walikufa watu wapata 3,000. Mungu alimkasirikia Haruni hata akataka kumwangamiza, lakini Musa akamwombea, naye akahurumiwa.

Hapa yafaa kusimama na kufikiri. Haruni hakuwa mtu wa kupenda ndama. Aliwaogopa watu waliomzunguka. Aliona ni rahisi kuwapa wanachotaka kuliko kusimama peke yake. Mkatekumeni anayeitwa na jamaa zake kwenda kwa mganga wakati wa ugonjwa, au kushika desturi aliyokwisha iacha, anajua hofu hiyo.

3. Mavazi na mafuta

Mungu hakubadili neno lake. Hema ya Agano ilipokwisha kujengwa, Musa aliwaleta Haruni na wanawe mbele ya watu wote. Akawaosha kwa maji. Akamvika Haruni kanzu, na joho la buluu lenye njuga za dhahabu pindoni, ili sauti isikike aingiapo na atokapo Mahali Patakatifu. Mabegani palikuwa na mawe 2, na katika kila jiwe yalichorwa majina ya makabila 6. Kifuani alivaa kifuko chenye mawe 12 ya thamani, na kila jiwe lilikuwa na jina la kabila moja. Hivyo kila alipoingia mbele ya Mungu aliwachukua watu wake wote mabegani na juu ya moyo wake. Kwenye paji la uso palifungwa bamba la dhahabu la kuonyesha kwamba ni wakfu kwa Mungu.

Kisha Musa akammiminia mafuta kichwani. Akatwaa damu ya kondoo dume wa sadaka, akampaka katika ncha ya sikio la kuume, na kidole gumba cha mkono wa kuume, na kidole gumba cha mguu wa kuume. Sikio liwe la kusikia Mungu, mkono uwe wa kumtumikia, mguu uwe wa kwenda katika njia zake. Siku 7 walikaa mlangoni mwa Hema bila kutoka.

Siku ya 8 Haruni alianza kazi yake. Na sadaka ya kwanza aliyoamriwa kutoa kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe ilikuwa ndama. Haruni alijua kwa nini, na watu wote walijua. Alipomaliza aliinua mikono akawabariki watu, na moto ukatoka mbele ya Mungu ukaiteketeza sadaka. Watu wakapiga kelele za furaha, wakaanguka kifudifudi.

Tangu hapo sheria iliwekwa. Kabila lote la Levi lingefanya kazi ya Hema: kulichukua safarini, kulilinda na kuwasaidia makuhani. Lakini wana wa Haruni na uzao wao tu ndio wangetoa sadaka na kufukiza ubani. Walawi hawakugawiwa nchi ya urithi kama makabila mengine. Walipewa zaka ya watu, nao wakatoa zaka ya zaka ile kwa makuhani. Mashamba ya urithi hawakuwa nayo, kwa sababu Mungu mwenyewe alikuwa fungu lao.

Tena mara moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, kuhani mkuu aliingia nyuma ya pazia, Mahali Patakatifu kabisa, palipokuwa na Sanduku la Agano. Nako hakuingia kabla ya kutoa ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi zake na za nyumba yake. Ndipo alipotoa mbuzi kwa ajili ya watu. Mbuzi wa pili aliwekewa mikono kichwani, akatajiwa dhambi za Israeli, akapelekwa jangwani asirudi.

4. Msiba wa baba

Nadabu na Abihu, wana wakubwa wa Haruni, walikuwa na kila kitu ambacho mtoto aweza kupata kwa baba yake. Walikuwa wa mlango wa Haruni, wamepakwa mafuta, wamevaa mavazi matakatifu. Walipata kupanda mlima Sinai pamoja na baba yao na wazee 70. Lakini siku moja walitwaa vyetezo vyao, wakatia moto ambao Mungu hakuuagiza, wakaingia mbele yake kwa shauri lao wenyewe. Moto ukatoka mbele ya Mungu, wakafa papo hapo.

Haruni alinyamaza. Hakulia mbele ya watu wala hakurarua mavazi yake, kwa maana mafuta ya Mungu yalikuwa juu yake. Jamaa wengine ndio waliowachukua maiti nje ya kambi. Siku ile ile Musa aliona kwamba nyama ya sadaka ya dhambi haikuliwa na makuhani kama ilivyoagizwa, akawakasirikia Eleazari na Itamari. Ndipo Haruni alipofungua kinywa. Akamweleza kwamba baada ya mambo yaliyompata siku ile, kama angaliila, haingalimpendeza Mungu. Musa aliposikia hivyo aliridhika, asiseme neno tena.

Hivyo ukuhani wa kurithi ulipata fundisho lake tangu mwanzo. Baba aliweza kuwapa wanawe jina, kazi na vazi. Utii hakuweza kuwapa. Kila mmoja wao alipaswa kuutoa mwenyewe moyoni mwake.

5. Kati ya wafu na wazima

Haruni mwenyewe aliendelea kujifunza polepole. Siku moja yeye na Miriamu walimnung'unikia Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, na kwa wivu, wakisema kwamba Mungu hakunena na Musa peke yake. Miriamu akapigwa ukoma. Safari hii Haruni hakutafuta wa kumtupia kosa. Aliungama kwamba wamefanya upumbavu, akamsihi Musa amwombee dada yao. Miriamu akakaa nje ya kambi siku 7, kisha akapokewa tena.

Baadaye ilitokea fitina kubwa. Kora, Mlawi, pamoja na Datani na Abiramu wa kabila la Rubeni, na wakuu 250, waliwaondokea Musa na Haruni. Walidai kwamba watu wote ni watakatifu, basi kwa nini ukuhani uwe wa nyumba moja? Kora hakutosheka na kazi ya Walawi, alitaka na ukuhani pia. Musa aliwaacha wachukue vyetezo, Mungu achague. Nchi ikapasuka ikawameza wakubwa wa fitina, na moto ukawala wale 250.

Kesho yake watu wote wakawanung'unikia Musa na Haruni, kana kwamba wao ndio waliowaua. Hapo tauni ikaanza kuwapiga. Musa akamwagiza Haruni atwae chetezo, atie moto wa altare na ubani, aende upesi kati ya watu. Haruni, mzee aliyepita miaka 80, akapiga mbio. Akaingia katikati ya watu wale wale waliokuwa wakimchukia, akasimama kati ya wafu na wazima, akafukiza ubani, akawaombea. Tauni ikakoma. Waliokwisha kufa walikuwa 14,700, mbali na wale wa Kora.

Penye ndama Haruni aliwaogopa watu, akawapa dhambi waliyoitaka, nao wakafa. Siku ya tauni hakuwaogopa wala hakuwachukia. Aliwaendea hatarini, nao waliobaki wakaishi. Vazi alilivikwa katika siku chache, bali moyo wa kuhani aliupata kwa miaka mingi, kwa kuanguka, kuhurumiwa na kulia.

Ili ugomvi ukome, Mungu aliagiza kila kabila lilete fimbo, na jina la mkuu wake liandikwe juu yake. Fimbo 12 zikawekwa ndani ya Hema usiku. Asubuhi fimbo ya Haruni, kwa kabila la Levi, ilikuwa imechipuka, imetoa maua, na imezaa lozi mbivu. Nyingine zote zilikuwa miti mikavu. Hata ya Haruni ilikuwa mti mkavu jana yake. Hivyo watu wakajua kwamba ukuhani si nguvu ya mlango fulani, bali ni zawadi ya Mungu.

6. Mlima Hori

Katika mwaka wa 40 tangu kutoka Misri, siku ya kwanza ya mwezi wa 5, saa ya Haruni ilifika. Yeye na Musa hawakuruhusiwa kuingia nchi ya ahadi, kwa sababu walipokuwa Meriba hawakumheshimu Mungu mbele ya watu, Musa alipoupiga mwamba ili utoe maji. Sasa Mungu aliagiza Haruni apande mlima Hori pamoja na Musa na Eleazari. Watu wote waliwatazama wakipanda.

Juu ya mlima Musa alimvua Haruni mavazi yake, moja baada ya jingine, akamvika Eleazari mwanawe. Ndipo Haruni alipokufa, mwenye miaka 123. Watatu walipanda, wawili wakashuka, na mavazi yakashuka juu ya mwili wa mwingine. Israeli wote wakamlilia siku 30. Mapokeo ya kale huonyesha mlima mmoja karibu na magofu ya Petra, katika nchi ya Yordani, ambao Waarabu huuita Jebel Harun. Kileleni pana jengo dogo la kumkumbuka.

7. Uzao wa Haruni

Kwa miaka mingi mavazi yale yalipita kutoka kwa baba hadi mwana. Wako waliofanana na Haruni mwema, na wako waliofanana na Nadabu. Kuhani Heli aliwaachia wanawe, Hofni na Finehasi, wakinyang'anya nyama ya sadaka. Wakafa vitani siku moja, na Sanduku la Agano likatekwa. Mfalme Daudi aliwapanga makuhani zamu 24, naye mfalme Solomoni alimweka Zadoki mahali pa Abiatari. Waliporudi kutoka utumwani Babeli, baada ya ruhusa ya mfalme Koreshi ya mwaka 538 kabla ya Kristu, jamaa kadhaa walitafuta majina yao katika vitabu vya ukoo wasiyaone. Wakaondolewa katika ukuhani, ingawa pengine walikuwa watu wema.

Zakaria, baba wa Yoane Mbatizaji, alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya, na mkewe Elizabeti alitoka katika mabinti wa Haruni. Kaifa naye, aliyemhukumu Bwana wetu, alikuwa kuhani mkuu. Ukuhani uliwachukua wote wawili, Zakaria na Kaifa.

Mwaka 70 Waroma waliliharibu Hekalu la Yeruzalemu, na sadaka za wanyama zikakoma. Hata hivyo Wayahudi hawakumsahau Haruni. Hata leo wako kati yao wanaohesabiwa kuwa uzao wake. Wengi wao huitwa Cohen, kwa neno la Kiebrania lenye maana ya kuhani. Katika sinagogi huitwa kwanza kusoma Sheria, na huinua mikono kuwabariki watu kwa baraka ile ile aliyopewa Haruni. Huepuka makaburi na maiti, isipokuwa maiti ya ndugu wa karibu sana. Wameutunza urithi wa baba yao miaka karibu 2,000 bila Hekalu. Ni jambo la kuheshimiwa.

8. Kuhani asiyevuliwa mavazi

Yezu Kristu hakuzaliwa katika mlango wa Haruni. Alizaliwa katika kabila la Yuda, ambalo halikuwa na kazi yoyote altareni. Ukuhani wake hautoki kwa baba wa duniani. Barua kwa Waebrania humfananisha na Melkizedeki, mfalme na kuhani wa Salemu, ambaye Maandiko hayataji baba yake wala mama yake. Yeye hakuhitaji kutoa ndama kwa ajili ya dhambi zake, kwa kuwa hakuwa na dhambi. Alijitoa mwenyewe mara moja. Tena hakuna atakayempandisha mlimani amvue mavazi yake na kumpa mwingine, kwa maana amefufuka wala hafi tena.

Kwa hiyo katika Kanisa hakuna nyumba ya ukuhani. Padri haitwi kwa sababu baba yake alikuwa padri. Huitwa na Mungu kutoka mlango wowote, kabila lolote, na hupewa sakramenti kwa mikono ya Askofu. Naye pia ni mtu kama Haruni. Ndiyo sababu mwanzoni mwa Misa huungama dhambi zake pamoja na watu, kabla ya kukaribia sadaka.

Na Ubatizo ni vivyo hivyo. Hakuna mtu azaliwaye Mkristu. Mkatekumeni ambaye baba na babu yake hawakubatizwa asione haya mbele ya wenzake, kana kwamba jina lake halimo kitabuni. Mungu huweza kuchipusha mti mkavu kwa usiku mmoja. Na mtoto wa Mkristu, hata baba yake awe mkatekista au mzee wa Kanisa, asijivune wala asilegee katika mafundisho. Nadabu na Abihu walikuwa wana wa Haruni.